Shawa inatoa maji fufutende? Kabla ununue nyingine, soma mita ya tokeni

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, mwezi Julai. Nje bado ni giza, matatu ya kwanza inapiga honi kule steji, nawe uko bafuni umekunja mabega. Umefungua mfereji, shawa imenguruma vizuri, taa ya bafu imefifia kidogo kama kawaida yake. Unanyoosha mkono kupima. Si baridi. Si moto. Ni yale maji ambayo mwalimu wa Kiswahili alituambia yanaitwa fufutende, tukacheka darasani, na leo ndiyo umeelewa neno lenyewe.

Unajimwagia haraka haraka, unatoka ukitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na kabla hujavaa hata soksi umeshaamua. Mwisho wa mwezi, shawa mpya. Hii imezeeka.

Ngoja kidogo. Nakuambia hivi kwa sababu nilishapitia hapo. Nilitoa hela, nikanunua shawa mpya, nikamlipa fundi wa kuifunga, na asubuhi iliyofuata nikasimama chini yake nikioga maji yale yale. Shida haikuwa kwenye shawa. Ilikuwa kwenye mfereji, na ningeimaliza kwa kuuzungusha nusu mzunguko, bure kabisa. Ile pesa bado huniuma nikiikumbuka.

Kwa wengi wetu tunaokaa bedsita na nyumba za chumba kimoja, iwe Kahawa, Ruiru, Rongai au Kitengela, maji moto ni kile kishawa cha plastiki kilichofungwa juu ya kichwa, kile watu huita instanti. Nyingi zinazouzwa hapa zinatoka Brazil, nchi ambako watu wengi huogea shawa za aina hii. Lorenzetti, jina utakaloliona kwenye karibu kila duka la vifaa vya ujenzi, ni kampuni ya São Paulo. Ni kifaa rahisi sana, na urahisi huo ndio unaokuwezesha kukichunguza mwenyewe bila kufungua skrubu hata moja.

Ndani yake kuna vitu viwili tu vya kukuhusu. Kuna kimpira chembamba kinachosukumwa na presha ya maji, na kikisukumwa vya kutosha kinagusanisha nyaya, stima inapita. Huo ndio ule mlio wa "tak" unaousikia ukifungua mfereji. Halafu kuna koili, waya uliojikunja unaopata moto maji yakiupitia. Basi. Hakuna tangi la kuhifadhia maji moto, hakuna akiba. Maji yanakaa na koili sekunde chache tu kisha yanakuangukia kichwani. Kiasi cha moto yanachobeba kinategemea mambo matatu: yaliingia na baridi kiasi gani, yanapita kwa kasi gani, na koili inapata stima kiasi gani.

Sasa nivumilie kwa hesabu kidogo, maana hapa ndipo pesa yako inapookolewa. Shawa ya kawaida huandikwa wati 5,500. Maji yakipita lita 4 kwa dakika, nguvu hiyo inayaongezea joto la nyuzi 20 hivi. Yakipita lita 6 kwa dakika, yanaongezewa nyuzi 13 tu. Yakipita lita 3, yanaongezewa nyuzi 26. Koili ni ile ile, stima ni ile ile. Kilichobadilika ni kasi ya maji.

Tuseme maji ya tangi alfajiri ya Julai yana nyuzi 16. Kwa lita 6 kwa dakika yatatoka na nyuzi 29. Mwili wako una 37, kwa hivyo utayaona ni kama ya mto. Kwa lita 4 yatatoka na 36, unaweza kuishi nayo. Kwa lita 3 yatafika 42, na hapo utaanza kuimba. Chukua tena tangi lile lile jeusi la plastiki mwezi Februari, limepigwa na jua mchana kutwa, maji yawe na nyuzi 24 ukirudi kazini jioni. Hata ukifungua mfereji wote utapata 37 bila kujua kwamba shawa yako ina mipaka. Ndiyo maana watu wengi husema shawa "iliharibika" Juni au Julai. Haikuharibika. Maji yalipoa, nawe ukaendelea kufungua mfereji kama Februari.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni ndoo. Tafuta ile ya rangi ya lita 4, kila ploti ina moja inayozurura kwenye ngazi. Fungua shawa jinsi unavyofungua ukioga, iweke ndoo chini yake, washa saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, unatumia lita 6 kwa dakika, na hapo umepata jibu. Funga mfereji kidogo, pima tena, hadi ndoo ijae kwa karibu dakika moja. Ukiwa mtu wa maji moto kabisa, sogea hadi dakika moja na sekunde 20.

Najua hili linakwenda kinyume na akili ya asubuhi. Mtu akihisi baridi hufungua zaidi, akidhani joto liko nyuma ya maji linasubiri kutoka. Halipo. Kufungua zaidi ni kugawa kikombe kimoja cha chai kwa wageni wengi.

Kuna mpaka wake lakini. Ukifunga mno, presha haitoshi kusukuma kile kimpira, unasikia "tak" ya kuzima na maji ya barafu yanakupata katikati ya sabuni. Ukiona shawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, umefika kwenye ukingo huo, au presha yenyewe ni duni. Hapa ghorofa unayoishi ina maneno. Tangi likiwa juu ya paa, wewe wa ghorofa ya juu kabisa una presha hafifu. Kwa kawaida chini ya tangi panatakiwa pawe juu ya shawa kwa mita moja au zaidi, na kuna majengo ambapo tangi limekalishwa moja kwa moja kwenye zege la paa, karibu sawa na dari yako. Hapo hakuna shawa itakayokusaidia hadi tangi liinuliwe au pampu ndogo iwekwe. Jirani yako wa ghorofa ya chini ana tatizo la kinyume. Maji yanamshukia kwa nguvu hadi mfereji mzima ni mafuriko. Shawa nyingi huja na kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza presha, kimo ndani ya boksi, na mafundi wengi hukitupa pamoja na karatasi za maelekezo. Ukinunua shawa siku moja, hicho kipande kichukue kabla fundi hajafagia.

Tazama pia ile swichi ndogo iliyo kwenye shawa yenyewe, ya kuchagua baridi, vuguvugu au moto. Unacheka, lakini kuna watu wameoga vuguvugu miezi mitatu kwa sababu aliyehama aliiacha hapo katikati. Ukiisogeza, funga maji kwanza. Kuibadilisha huku stima inapita ni kuchoma vile vishikizo vya ndani, na vikiungua, "moto" itabaki kuwa picha tu kwenye plastiki.

Umefanya hayo yote, ndoo inajaa kwa dakika moja, swichi iko kwenye moto, na bado maji ni fufutende? Sasa njoo kwenye mita.

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Zima kila kitu nyumbani: friji, televisheni, kipasha chai, chomoa hata chaja. Andika uniti zilizobaki kwenye mita ya tokeni, pamoja na zile namba za baada ya nukta. Washa shawa kwenye moto, iache ikimbie dakika 6 kamili kwa saa, maji yaingie kwenye ndoo ya kufulia yasipotee. Funga. Soma mita tena. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, kwa hivyo shawa ya wati 5,500 inatakiwa iwe imekula karibu uniti 0.55. Soma lebo iliyo ubavuni mwa shawa kwanza, kwa sababu kuna za wati 4,500 na kuna zinazozidi 7,000. Chukua hizo wati, gawanya kwa 10,000, hiyo ndiyo namba unayoitarajia.

Ukipata 0.55 au zaidi kidogo, shawa yako ni mzima wa afya. Inakula stima yote na kuitoa kama joto. Ukisikia baridi, ni maji mengi au maji baridi mno, rudi kwenye ndoo. Shawa mpya ya ukubwa ule ule itakupa maji yale yale, kama ilivyonipa mimi.

Ukipata kama 0.4, koili ni nzima lakini stima inayoifikia ni dhaifu. Na ukipata 0.3 kushuka chini, shuku koili yenyewe.

Tuanze na stima dhaifu. Huku Kenya tunatarajia volti 240 ukutani. Watu hudhani volti zikipungua kidogo, joto nalo hupungua kidogo. Si hivyo. Ukipunguza volti, ampia zinazopita kwenye koili nazo zinapungua, kwa hivyo unapigwa mara mbili. Shawa ya wati 5,500 iliyoandikwa volti 220, ikipewa 190, inatoa kama wati 4,100 tu. Kwa lita 4 kwa dakika, zile nyuzi 20 zimekuwa chini ya 15. Kutoka 16 unafika 31. Fufutende.

Volti zinapotelea wapi? Mara nyingi ni kwenye ploti yenyewe. Shawa moja huvuta ampia 23 hadi 27. Zidisha kwa nyumba 10, wote mnaamka saa kumi na moja na nusu kwa sababu wote mnakimbizana na foleni ya Thika Road, na wote mmewasha. Hizo ni ampia zaidi ya 230 kwa wakati mmoja. Ploti nyingi zenye mita ndogo ndogo ukutani na mita moja kubwa ya mwenye nyumba hazikuwekewa nyaya za kubeba mzigo kama huo. Kila anayewasha anamnyang'anya jirani joto kidogo. Utajuaje? Rudia kile kipimo cha dakika 6 saa nane mchana Jumamosi, watu wakiwa wametawanyika. Ukipata 0.55 mchana na 0.4 alfajiri, shawa yako haina kesi. Usipime kwa mkono tu, maana mchana maji ya tangi yamepata jua na yatakudanganya. Mita haidanganywi na jua.

Dawa ya hapa hapa ni ya kijanja tu. Oga usiku, au amka nusu saa kabla ya wenzako, au punguza mfereji zaidi hadi ndoo ijae kwa sekunde 80. Dawa ya kudumu ni mwenye nyumba aongezewe laini na abadilishe nyaya, na kwa hilo mtahitaji kwenda kwake kama kikundi. Mpangaji mmoja akilalamika ni msumbufu. Kumi wakilalamika ni kodi ya mwezi mzima.

Sasa koili. Kuna shawa ambazo "moto" huwasha sehemu mbili za koili pamoja na "vuguvugu" huwasha moja. Sehemu moja ikikatika, unasogeza swichi kutoka vuguvugu hadi moto na husikii tofauti yoyote, na mita inakuonyesha nusu ya uniti ulizotarajia. Habari njema ni kwamba koili inauzwa peke yake, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na shawa nzima. Peleka ile ya zamani dukani, linganisha modeli, wati na volti. Ukiwekewa koili ya wati pungufu kwa sababu "inaingia tu," utarudi kwenye fufutende na hutajua kwa nini.

Na jiulize kwa nini ilikatika. Kama maji yenu ni ya bohoo na yana chumvi, jibu liko kwenye sufuria ya chai, ule ukoko mweupe unaobaki chini. Ukoko huo huo unajikusanya kwenye koili na kuziba vitundu vya shawa. Vitundu vikiziba maji yanapita kidogo, koili inapata moto kupita kiasi na kuungua. Kifuniko chenye vitundu kinafunguka kwa mkono. Zima stima kwanza, kitoe, kiloweke kwenye siki usiku mmoja, kisugue kwa mswaki wa zamani. Mwezi mmoja ukipita, fanya tena. Lakini chumvi ina jambo zito kuliko kuziba. Maji ya chumvi hupitisha stima vizuri kuliko maji ya mvua, na katika shawa za kawaida koili iko uchi ndani ya maji. Ndiyo maana kuna shawa zinazouzwa kama za maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa kwa mrija wa chuma. Ni ghali kidogo. Ukiwa unatumia maji ya bohoo, hiyo si anasa.

Hapa ndipo naomba uache kusoma kwa haraka.

Mita ikionyesha stima pungufu, na majirani hawajawasha, na koili ni nzima, joto linapotea njiani. Na njia yenyewe iko ndani ya ukuta wako. Waya mwembamba au kiungio kilicholegea kina ukaidi wake. Stima ikilazimishwa kupita hapo, inageuka kuwa joto hapo hapo, kabla haijafika kwenye koili. Kiungio kilicholegea kikikula volti 20 tu kwa ampia 23, hizo ni wati 460 zinazochoma kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole gumba. Ni sawa na kuficha pasi ndogo kwenye dari na kuisahau. Maji yako ni fufutende kwa sababu moto wake umebaki ukutani.

Dalili zake unazijua, ila umezizoea. Swichi kubwa ya shawa inakuwa ya moto ukiigusa baada ya kuoga. Kuna harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua ambayo hujui inatoka wapi. Plastiki ya swichi imegeuka kahawia upande mmoja. Kuna mlio wa kuchemka, kama mafuta kwenye karai, shawa ikiwa imewashwa. Taa zinapepesa. Mojawapo ya hizi ikitosha kukutia shaka, zima breka ya shawa na uoge kwa ndoo hadi fundi aje. Sizungumzii kesho kutwa.

Shawa ya aina hii haitakiwi kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida hata siku moja. Plagi ya ampia 13 kwa volti 240 mwisho wake ni wati 3,120, na wewe unataka 5,500. Inatakiwa iwe na waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la stima, waya usiopungua milimita 4 za mraba, na 6 ukiwa safari ni ndefu, na breka yake yenyewe. Kwa shawa ya wati 5,500 breka huwa ya ampia 32. Breka hiyo ikikata mara kwa mara, usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi ili "isisumbue." Breka hailindi shawa. Inalinda waya usishike moto, na ukiweka breka kubwa juu ya waya mdogo, wa kukata sasa atakuwa waya wenyewe. Kuna ploti ambapo shawa imefungwa kwa waya wa milimita 2.5, ule wa soketi, kwa sababu ndio uliokuwa umebaki kwenye ujenzi. Maji yatapata moto, ndiyo, na huo ndio ubaya wake. Hutajua.

Halafu kuna jambo la slipa.

Ukigusa mfereji ukiwa umelowa na ukahisi kama wadudu wanakutembelea vidoleni, majirani watakupa ushauri ule ule: vaa slipa za plastiki ukioga, funga mfereji kwa kitambaa. Watu wameishi hivyo miaka, na wanakuambia huku wakicheka. Lakini hebu fikiria unachokubali. Umekubali kwamba stima inavuja ndani ya maji yanayokumwagikia mwili mzima, na kilicho katikati yako na ardhi ni slipa ya soko. Siku ukiteleza ukaushika mfereji kwa mikono miwili, au ukaegemea ukuta uliolowa, slipa haitakuwa na kazi. Kile kiwasho ni shawa ikikuambia waya wa athi, ule wa kijani na manjano, haujaunganishwa popote. Mara nyingi utaukuta umekunjwa na kufungwa kwa tepu nyuma ya shawa, kwa sababu bila huo maji yanapata moto vile vile na fundi alikuwa na haraka. Kazi ya waya huo ni kuipeleka ardhini stima inayovuja kabla haijakupitia wewe. Pia kuna kifaa cha kuwekwa kwenye boksi kinachokata stima mara tu milliampia 30 zinapovuja, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukiwa na nafasi ya kuomba kitu kimoja kutoka kwa mwenye nyumba, omba hicho pamoja na athi.

Ndani ya kuta na ndani ya boksi la stima si mahali pako, hata kama umetazama video kumi. Ndoo ni yako, mfereji ni wako, swichi ya joto, siki na mita ni vyako. Nyaya ni za fundi mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na si utovu wa adabu kumwomba fundi akuonyeshe yake. Ukimwambia, "Kaka, nisaidie kuona leseni," na akakasirika, umeshapata jibu. Akija, mwombe mambo matatu: akaze viungio vyote kuanzia breka hadi shawa, atumie konekta ya kauri badala ya ile ya plastiki inayoyeyuka, na apime volti kwenye shawa ikiwa imewashwa. Ikiwa imezimwa, karibu kila waya mbovu husoma 240 safi. Ubovu huonekana mzigo ukiwekwa.

Na tokeni je? Kuna wanaoweka vuguvugu makusudi ili kuokoa. Sawa, lakini ukikaa chini ya vuguvugu dakika 20 ukisubiri mwili upate joto, huenda umekula zaidi kuliko dakika 8 za moto. Dakika 10 za wati 5,500 ni uniti 0.9 hivi. Ndoo ya lita 15 ya maji yaliyotoka nyuzi 16 hadi 40 inahitaji kama 0.42. Kwa hivyo shosho aliyekuambia karai linatosha hakukosea hesabu, ila achana na ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Hiyo ni stima uchi na maji, bila breka yake, na mtu yuko karibu nayo akiwa na usingizi.

Limebaki swali la nani alipe. Katika ploti nyingi shawa ni yako, ulikuja nayo na utaondoka nayo, na hilo ni sawa. Koili na siki ni juu yako. Lakini waya ulio ukutani, breka, athi na laini ya ploti ulivikuta hapo, na utaviacha hapo. Tatizo ni kwamba ukimpigia keateka kumwambia "shawa haipati moto," atakuambia ununue nyingine, na mazungumzo yataishia hapo.

Kwa hivyo usiseme shawa haipati moto. Piga picha ya mita kabla, piga nyingine baada ya dakika 6, piga na lebo ya shawa inayoonyesha wati, na ile swichi iliyogeuka kahawia kama ipo. Zitume kwa mwenye nyumba mwenyewe kwenye WhatsApp na maneno machache ya heshima: "Shikamoo mzee. Shawa ni ya wati 5,500, ilitakiwa kula 0.55, imekula 0.38. Swichi inapata moto. Naomba fundi wa leseni aangalie waya kabla haujashika." Halafu zima breka, na uchemshe maji ya kuoga jioni hiyo.